Alinioa kwa sababu ya marehemu kaka yake

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alifariki nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Wazee wakaamua mdogo wake anioe, na wakati huo ana mchumba wake. Ananitunza, ada za watoto analipa, ila hanitazami usoni. Juzi tuliangalia filamu ya Kihindi, Silsila, akatoka sebuleni kabla haijaisha. Je, nimzalie ili atulie, kama yule wa kwenye filamu? – Mama Wawili, Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole. Tangu Yash Chopra aitoe filamu hiyo mwaka 1981, wengi tumemlilia Shobha, aliyeigizwa na Jaya Bachchan. Mchumba wake rubani anakufa vitani na kumwachia mimba. Amit, ndugu wa marehemu, anamwoa kumsitiri, huku moyo wake uko kwa Chandni. Mimba inaharibika, ndoa inabaki. Wimbo wa kwenye maua ya Uholanzi kapewa Chandni. Shobha kapewa kungoja.

Mwisho wake usiufuate. Pale lazima ndege iwake moto na Shobha aseme ana mimba ya Amit ndipo Amit arudi. Wewe usimtwishe mtoto kazi ya kumfunga baba yake. Mumeo tayari analea wawili kwa wajibu. Wa tatu atamwongezea wajibu, nawe utazidi kuwa mpweke humo humo ndani.

Kilichoniuma ni kwamba barua nzima hukuniambia wewe ulitaka nini. Wazee waliamua, yeye akatii, ukatii. Huenda anaamini ulimkubali kwa kukosa pa kwenda. Na kule kutoka sebuleni, mimi naona ni mtu aliyeguswa, si aliyekauka. Watoto wakilala, mwambie: “Hatukuulizwa. Sasa mimi nakuuliza.” Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Yule mchumba usianze naye, ataanza kujitetea tu.

Akisema hawezi, wazee wasikutishe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mjane hiari ya kuishi anapopenda, kukaa bila mume au kuolewa na amtakaye, hata mila ikisema vingine. Ulistahili kuambiwa hayo mapema, kabla ya kuozeshwa! Sasa wewe ni mke wake, kwa hiyo kama ni kuachana, anzeni kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Na kabla hujahama nyumba hiyo, fuatilia mirathi ya marehemu, ujue haki ya watoto wake imeandikwa wapi.