Maswali ya Wasomaji: Kumtafuta Mzee Asiyejulikana kwa DNA na Kumbukumbu za Zamani

Barua nyingi zimeuliza jambo moja: kama jina la mzee wa ukoo limepotea, je, DNA italitaja? Haitalitaja. DNA inakuonyesha jamaa zake walio hai leo, na jina unalitoa kwenye karatasi. Anayetumia kimoja bila kingine hukwama njiani. Tumechagua barua nne.

Mama yangu alizaliwa Nachingwea mwaka 1950. Bibi alifariki bila kumtaja baba wa mama, ila alikuwa akisema ni "Mzungu wa karanga", yaani fundi wa matrekta katika mradi wa karanga wa Waingereza. Mama yu hai na akili yake ni timamu. Ana mdogo wake wa kiume, mama mmoja baba mbalimbali. Nikanunue kipimo nijipime, au apimwe nani? – Binti wa Masasi

Apimwe mama, dada, na msichelewe. Yeye amebeba nusu ya DNA ya baba yake. Wewe umepata takriban robo. Jamaa wa mbali anayeonekana kwa mama anaweza asionekane kwako kabisa. Mama angekuwa ametangulia mbele ya haki, tungesema upimwe wewe pamoja na ndugu zako wote wa tumbo moja, maana kila mmoja amerithi vipande tofauti.

Mjomba naye apimwe fedha ikiruhusu. Kromosomu yake ya Y, ambayo mwana huirithi kwa baba yake tu, haitakusaidia, kwa sababu ni ya baba mwingine, lakini anafanya kazi ya chujio: mtu anayelingana na mama na mjomba kwa pamoja ni wa upande wa bibi, kwa hiyo unamweka kando.

Kabla ya kulipa, kuna mambo mawili. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Waulizeni utaratibu wa kutuma sampuli nje ya nchi. Pili, hakikisheni kampuni inafikisha vifaa mlipo. Kwa babu Mwingereza tungeanza na Ancestry, kwa kuwa hifadhidata yake ni kubwa kuliko zote na haipokei faili la kampuni nyingine. Matokeo yakitoka, pakueni faili ghafi, yaani data yote ya kipimo, na mlipandishe kwenye tovuti za GEDmatch na FamilyTreeDNA. Hivyo kipimo kimoja kinatafuta katika hifadhidata tatu.

Kwenye kutoa sampuli ndiko wazee wengi hukwama. Kwa nusu saa kabla, mama asile, asinywe, asivute, asitafune tambuu wala kuweka ugoro. Mate yafike kwenye mstari wa kichupa, povu halihesabiki. Mdomo ukiwa mkavu, asugue mashavu kwa nje taratibu, atulie, kisha ajaribu tena. Ikishindikana, tumieni kampuni inayochukua sampuli kwa kijiti cha kusugua ndani ya shavu. Sampuli yenye DNA kidogo au mabaki ya chakula hukataliwa, na mtaanza upya.

Matokeo yakija, ukurasa wa asilimia utazameni mara moja tu. Kama karibu nusu ya mama ni ya Visiwa vya Uingereza, maneno ya bibi yamethibitika. Kazi yenyewe iko kwenye orodha ya ndugu wa DNA, yaani watu waliopimwa ambao wana vipande sawa na vya mama. Urefu wa vipande hivyo hupimwa kwa sentimogani. Takwimu alizokusanya mtafiti wa nasaba Blaine Bettinger na kuzitoa upya mwaka 2020 zinaonyesha kuwa watoto wa ndugu wawili hushiriki wastani wa sentimogani 866, wajukuu wa ndugu wawili 229, na vitukuu wa ndugu wawili 73. Huo ni wastani tu. Kwa wajukuu namba huanzia 41 na kufika 592, na baadhi ya vitukuu hawashiriki chochote. Namba moja huweza kuangukia uhusiano wa aina nyingi, kwa hiyo iingizeni kwenye kikokotoo cha tovuti ya DNA Painter muone uwezekano wote kabla ya kuamua.

Sasa yapangeni makundi. Njia ya mtafiti wa nasaba Dana Leeds inatosha: chukueni ndugu wenye sentimogani kati ya 90 na 400, mpeni wa kwanza rangi, kisha wote wanaolingana naye wapeni rangi hiyohiyo. Asiyepata rangi anaanzisha rangi mpya. Wamwera, Wamakua na Wamakonde waliopimwa ni wachache, kwa hiyo karibu wote mtakaowaona watakuwa wa upande wa Mzungu, na mtarajie makundi mawili: ukoo wa baba yake na ukoo wa mama yake.

Katika kila kundi jengeni miti ya familia ya ndugu hao kurudi nyuma, mpaka mume na mke walewale watokee kwenye miti miwili au mitatu. Msiamini miti ya mtandaoni bila karatasi, kwani kosa la mmoja hunakiliwa na mamia. Mkishapata wazee wa kundi la kwanza na wazee wa kundi la pili, shukeni chini: ni wapi mzao wa hawa alimwoa mzao wa wale? Ndoa hiyo ndiyo mnayoitafuta. Babu ni mmoja wa wana wao.

Kuwapata wana wote ni rahisi kuliko mnavyodhani. Tangu robo ya tatu ya mwaka 1911, faharasa ya vizazi ya England na Wales inaandika jina la ukoo la mtoto pamoja na jina la usichana la mama. Tafuteni majina hayo mawili kwa pamoja kwenye tovuti ya FreeBMD, bila malipo, na watoto wa ndoa hiyo watajipanga mbele yenu. Waliozaliwa kabla ya hapo watafuteni kwenye sensa ya 1911 na ya 1921. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na Daftari la wakazi la 1939, lenye tarehe ya kuzaliwa na kazi ya mtu. Mkiona "motor mechanic" (fundi wa magari) mahali hapo, tuliza moyo, dada. Hao walikuwa wengi.

Kinachowatenganisha ndugu hao ni safari. Mradi wa karanga uliendeshwa Kongwa, Urambo na Nachingwea kuanzia 1947, na serikali ya Uingereza ikauachilia mwaka 1951. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, ina orodha za abiria wa meli: BT 27 ni za wanaoondoka, 1890 hadi 1960, na BT 26 ni za wanaoingia, 1878 hadi 1960. Zote zinatafutika mtandaoni, na humo mna jina, umri, kazi na anwani ya Uingereza. Tazameni pande zote mbili, kwa maana aliyekwenda kwa ndege hamo kwenye orodha hizi, lakini huenda alirudi kwa meli na kuandikwa kuwa anatoka Tanganyika. Huku nyumbani, ulizieni daftari za ubatizo Ndanda kwa Wabenediktini na Masasi kwa Waanglikana. Nafasi ya baba mara nyingi iko wazi, lakini jina la msimamizi wa ubatizo huweza kuwa la mtu aliyeijua siri hiyo.

Uthibitisho wa mwisho ni kumpima mzao wa huyo mnayemdhania. Mtoto wake akilingana na mama kwa takriban sentimogani 1,750, ni ndugu wa baba mmoja. Akipata takriban 870, baba wa mama si huyo, ni kaka yake. Kama aliyepimwa ni mjukuu wake, basi 870 ndiyo namba mnayoitaka, na takriban 430 inawarudisha kwa kaka. Andikeni kwanza aliyepimwa ni nani, kisha ndipo msome namba; wengi wamegeuza matokeo kwa kusahau hilo.

Babu wa babu yangu aliletwa Freretown, kijiji cha watumwa walioachiwa huru karibu na Mombasa, na meli ya Waingereza akiwa mtoto. Wazee wanasema alikuwa Mnyasa, wengine Myao. Je, kipimo kitamaliza ubishi? – Msomaji, Rabai

Hakitaumaliza. Asilimia za makabila hutolewa kwa kukulinganisha na watu ambao kampuni imewakusanya kama mfano, na kutoka Malawi, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji watu hao ni wachache. Wayao na jirani zao wameoana karne nyingi, hivyo mpaka unaoutafuta haumo kwenye damu. Kipimo cha ukoo wa mama kinakuonyesha tawi la kale sana. Matawi kama L0 na L2 yameenea sehemu kubwa ya Afrika.

Kwako wewe karatasi itangulie. Freretown ilianzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha kimisionari cha Waanglikana) mwaka 1875, na kumbukumbu za CMS ziko Maktaba ya Utafiti ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham. Anza na daftari za ubatizo na ndoa za kanisa lenu, umpate babu na mwaka wake. Ukiwa na mwaka, uliza Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, Kilimani, penye karatasi za ubalozi mdogo wa Uingereza ulioshughulikia majahazi ya watumwa yaliyokamatwa. Tafuta jina la kabla ya ubatizo. Ukishika jina la Kizungu peke yake utazunguka, kwa sababu waliobatizwa majina yaleyale walikuwa wengi. Tena ukikuta "Mnyasa" kwenye karatasi, usilisome kama kabila: waandishi waliwaita hivyo watu wa eneo zima la ziwa.

DNA ije baada ya hapo, na ipimwe kwa mzee wa kizazi cha juu kabisa aliye hai. Kipande kimoja kilicho chini ya sentimogani 8 kiache, kwani vingi hulingana kwa bahati tu. Ndugu wa DNA mwenye wazazi wote wawili kutoka wilaya moja ya Malawi, mwenye sentimogani 40 na kipande kirefu, ana uzito kuliko asilimia zote ulizoletewa.

Sisi ni ukoo wa Kihadhrami wa Lamu. Nimepata watu zaidi ya kumi wenye sentimogani 90 hadi 150, kampuni inawaita wajukuu wa ndugu wawili, na nyumbani hakuna anayewajua. Kipimo kimeharibika? – Msomaji, Lamu

Kipimo ni kizima. Katika koo ambazo watoto wa ami na wa khalati wameoana vizazi kwa vizazi, watu wawili huunganika kwa wazee watano au sita kwa wakati mmoja. Kila mzee ameacha kipande kidogo, kampuni inajumlisha vyote, na jamaa wa mbali anaonekana wa karibu.

Tazama kipande kirefu kuliko vyote, jumla iache. Sentimogani 120 katika vipande vinne, kimoja kikiwa na 45, huenda ni mjukuu wa ndugu kweli. Sentimogani 120 katika vipande kumi na tatu vya tisatisa ni ukoo mzima uliochanganyika, na huwezi kutaja babu mmoja. GEDmatch inaonyesha vipande kimojakimoja. Njia ya rangi tuliyoieleza juu haitafanya kazi kwako, kwa sababu rangi zote zitaingiliana.

Kwa silsila ya kiumeni pima Y ya mwanamume wa ukoo, maana haichanganyiki na ya mama. Katika nyaraka una neema ambayo wengine hawana: majina ya "bin" hukupa vizazi vitatu kwa mstari mmoja. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 iliwalazimu wenye mashamba na viwanja kuthibitisha umiliki wao, na majalada hayo yamejaa baba na babu. Ongeza hati za wakfu na za makadhi.

Baba yangu alikuwa askari wa Uingereza, Nanyuki. Nimepata kwenye DNA mtu wa sentimogani 900, nimemwandikia mara tatu, hajibu. Nifanyeje? – Msomaji, Nanyuki

Pole sana, na usimwandikie mara ya nne. Mtu wa kiwango hicho anaweza kuwa mtoto wa ami yako, au mtoto wa ndugu yako wa baba mmoja, na barua ya ghafla humtisha. Wajaribu wengine kwenye orodha, hata wa 150. Aliye mbali kidogo hana cha kuficha na mara nyingi ndiye aliyejenga mti wa familia. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: mnalingana kiasi gani, ulizaliwa mwaka gani na wapi, unamwomba majina ya wazee wake wanne. Usitaje fedha, wala usimtuhumu mtu yeyote.

Fahamu pia kwamba Mahakama Kuu ya London, kitengo cha familia, tayari imewatambua kisheria baba wa baadhi ya watoto waliozaliwa Nanyuki, na DNA ya hifadhidata za kibiashara ilitumika kuwafikia. Ukitaka njia hiyo, tafuta wakili wa familia anayefanya kazi katika mahakama za England. Kipimo ulichojichukulia nyumbani kinatosha kukuelekeza, lakini kwa mahakama utachukuliwa sampuli nyingine mbele ya mtu aliyeidhinishwa, kwa kitambulisho. Hadi hapo, hifadhi nakala ya orodha yako ya ndugu pamoja na tarehe, kwa sababu mtu akiogopa anaweza kujiondoa kesho asubuhi na asionekane tena.