Maji yametoka kwa jirani. Je, lazima alipe?

SWALI: Nimepanga ghorofa ya kwanza. Jirani wa juu alifungua bomba, akakuta maji yamekatika, akatoka bila kulifunga. Maji yaliporudi yalifurika, yakashuka kwangu na kuharibu kompyuta, godoro na kabati. Anasema ni bahati mbaya. Rafiki ananishauri nisilipe kodi mpaka mwenye nyumba anifidie, na kuna mtu mtandaoni anayeandika barua za madai kwa ada ndogo. Nifanyeje?

JIBU: Kodi lipa. Mwenye nyumba hakuacha bomba wazi, na ukizuia kodi wewe ndiye utakayekuwa umevunja mkataba. Ingekuwa bomba limepasuka ukutani naye alishaambiwa linavuja, tungezungumza mengine.

Sasa nije kwenye kinachonichosha. Wanaoniletea mashauri haya huanza na "maji yametoka kwake, basi alipe". Jirani naye hujibu "ilikuwa ajali, basi silipi". Wote wawili wamekosea. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, kinachoulizwa kwa kawaida ni kama mtu alizembea. Mwaka 1913, Baraza la Faragha la Uingereza (lililosikiliza rufaa kutoka himaya yake) liliamua rufaa ya Rickards dhidi ya Lothian kutoka Australia: mtu asiyejulikana aliziba beseni la kunawia ghorofa ya juu, akafungulia maji, yakaharibu bidhaa za mpangaji wa chini. Mpangaji alishindwa. Kwamba maji yalitoka juu hakuna aliyebisha, ila mdaiwa, yaani aliyempangisha, hakuwa na kosa. Ufaransa hesabu ni nyingine: kifungu cha 1242 cha sheria yao ya madai kinaweza kumbana mtu kwa kitu kilicho chini ya uangalizi wake hata bila kuthibitisha uzembe. Huyo mwandishi wako wa barua amekuuliza hata unaishi nchi gani?

Kwa upande wako, kutoka nyumbani na kuacha bomba wazi ni uzembe, na kwamba hakukusudia hakumwokoi. Utakapokwama ni kwenye kiasi. Barua hizo za kunakiliwa hudai bei ya vitu vipya, kisha huongeza "usumbufu" wa kubuni. Kompyuta ya miaka minne hailipwi kama mpya; kwa kawaida mahakama hutazama thamani yake ilipoharibika, au gharama ya kuitengeneza kama ni ndogo zaidi. Ukitia chumvi kwenye kabati, hakimu atakutilia shaka hadi kwenye godoro.

Na anika, futa, okoa kinachookoleka. Wapo wanaoacha vitu vikiwa vimelowa wiki nzima "ili mahakama ione", wakati hasara inayoongezeka kwa kungoja huko ni yao wenyewe. Piga picha kwanza, pamoja na dari. Tafuta risiti. Fundi aifungue kompyuta na aandike alichokikuta ndani, si "imekufa" tu. Kama jirani alikutumia ujumbe wa simu akikiri kusahau bomba, usiufute. Ujumbe huo una nguvu kuliko barua yoyote ya kununua.

Kama una bima ya vitu vya ndani (ile ya mwenye nyumba kwa kawaida hulinda jengo, si godoro lako), wajulishe kabla hujapatana na jirani. Wakikulipa, haki ya kumdai huhamia kwao. Ukiwa umeshamsamehe kwa maandishi, wanaweza kukataa kukulipa.

Maandishi hayo ndiyo yanayowaumiza wengi, hasa walioshikwa mkono na madalali wa madai wanaolipwa asilimia na wanaotaka shauri liishe leo. Mtu anapewa theluthi ya hasara yake, anasaini karatasi iliyoandikwa "sina madai zaidi", halafu anakuja kwangu kudai iliyobaki. Siwezi kumsaidia. Ukipokea sehemu ya malipo, karatasi iseme ni sehemu, na itaje kiasi kilichobaki na tarehe ya kukilipa. Muda wa kufungua madai una kikomo, na ahadi za "mwisho wa mwezi" hazikisimamishi.