Kijani si virusi: nilivyojifunza kusoma LS_COLORS kwa C

Bi mkubwa mmoja wa kikundi cha maulidi aliniletea flashi dukani kwangu, Ngamiani, akitaka kasida zao zihamishiwe kwenye simu za wenzake. Nina kadukani ka steshenari: kopi, kuprinti, kuhamisha nyimbo, basi. Kompyuta yangu ni ya Linux, na mimi nina ugonjwa wa kufungua kila kitu kwenye terminali, yaani dirisha la kuandika amri. Nikaipachika flashi kwa mkono, nikaandika `ls`, amri ya kuorodhesha faili. Skrini nzima ikawa kijani: majina ya faili kijani cha kukoza, majina ya folda bluu juu ya tandiko la kijani. Mama akachungulia, akakunja uso.

"Mwanangu, mbona kijani chote hiki? Si virusi hivyo?"

"Si virusi, mama. Ni rangi tu."

"Rangi haiji bure."

Sikuwa na jibu, na lile neno likanikaa. Usiku ule nikaanza kufuatilia rangi zile zinatoka wapi, na mwisho wake nikajikuta naandika kiprogramu changu mwenyewe cha C (lugha ya programu) cha kuorodhesha flashi za wateja. Haya ni niliyoyapata humo. Mengine yamenigharimu usingizi, kwa hiyo mwenzangu unayetaka kufanya kazi kama hii, chukua bila kulipia.

Kwa asiyejua, `ls` ya GNU, ambayo ndiyo iko kwenye Linux nyingi, husoma rangi zake kwenye kigeu cha mazingira (maandishi yenye jina ambayo kila programu hurithi inapoanza) kiitwacho LS_COLORS. Ni mstari mmoja mrefu wa maandishi. Vipande vyake vimetengwa kwa nukta mbili, na kila kipande ni jina, alama ya sawasawa, kisha thamani. Kwa mfano `di=01;34` maana yake folda ziandikwe kwa bluu ya kukoza: 01 ni ukozo, 34 ni bluu. `ln` ni kiungo, `ex` ni faili lenye ruhusa ya kuendeshwa, `or` ni kiungo kilichopoteza kinachoelekea. Kipande kikianza na nyota, kama `*.mp3=00;36`, kinahusu mkia wa jina la faili. Mstari huo hutengenezwa na amri `dircolors`, ambayo mara nyingi huitwa kwenye `.bashrc`, faili la maandalizi linalosomwa unapofungua terminali. Ukiandika `dircolors -p` utaona orodha nzima kwa sura ya kusomeka, na mikia tu iko zaidi ya mia.

Sasa kijani cha mama. Kwenye orodha ile kuna `ow=34;42`, yaani folda ambayo mtu yeyote anaweza kuandika ndani yake: bluu juu ya kijani. Na kuna `ex=01;32`, kijani cha kukoza. Flashi yake ilikuwa ya FAT, mpangilio wa kuhifadhi faili ulio kwenye flashi nyingi, na FAT haijui ruhusa za Unix. Linux inabuni ruhusa kufuatana na ulivyoipachika, na mimi nilikuwa nimeweka `umask=000`, yaani kila kitu 777: yeyote asome, aandike, aendeshe. Kwa hiyo kila folda ikawa ya kuandikwa na yeyote, na kila kasida ikahesabiwa kuwa programu ya kuendeshwa! Tena `ls` huangalia mkia wa jina kwa faili la kawaida tu. Likishakuwa na ruhusa ya kuendeshwa, `ex` inashinda na `.mp3` haiulizwi. Rangi ilikuwa inasema kweli tupu. Aliyekosea ni mimi.

Nimeona watu wengi wakitibu hili kwa kubadilisha `ow` kwenye LS_COLORS ili kijani kiondoke. Siwashauri. Ni kama kufunika taa ya mafuta kwenye dashibodi kwa gundi ya karatasi. Pachika flashi kwa `dmask=022,fmask=133`, folda zitakuwa 755 na faili 644 (wa kuandika ni mwenyewe tu, na faili haziendeshwi), na rangi zitajirekebisha zenyewe.

Haya, kwenye C. Nilitaka kiprogramu changu kioneshe jina, ukubwa na tarehe kwa Kiswahili, lakini rangi ziwe zile zile za `ls`, mtu asichanganyikiwe. Nikafanya ambalo kila mtu hulifanya mara ya kwanza: `getenv` kuchukua mstari, `strtok` kuukata kwenye nukta mbili, na ndani yake `strtok` nyingine kukata kwenye sawasawa. Ikasoma kipande cha kwanza tu, `rs=0`, ikasimama. `strtok` ina kumbukumbu moja tu ya ilipofikia. Ya ndani ilipoanza, ya nje ikasahau. Hilo nililigundua haraka, nikahamia `strtok_r`, ambayo kumbukumbu yake unaishika mwenyewe, rangi zikatokea zote, nikajipongeza kwa kikombe cha kahawa na kashata mbili barazani kwa jirani.

Furaha yangu haikumaliza siku. Kiprogramu kilikuwa kikimaliza kazi yake kinaita `ls --color` kuonesha folda ya ziada, na `ls` ikaanza kulalamika kwamba thamani ya LS_COLORS haisomeki, kisha ikaorodhesha bila rangi. Nikatoka, nikaandika `echo "$LS_COLORS"`: mstari mzima, salama salimini. Nikarudi ndani ya kiprogramu: malalamiko. Usiku wa kwanza nililaumu `dircolors`. Usiku wa pili nililaumu kompyuta. Umeme ulipokatika nikalala, na asubuhi, nikiwa nafagia mlango wa duka, ndipo nikakumbuka kwamba `getenv` haikupi nakala. Inakuonesha mahali maandishi yenyewe yalipo kwenye mazingira ya programu yako. `strtok_r` hukata kwa kuandika sifuri juu ya alama ya kukatia. Nilipokata `rs=0` kwenye sawasawa, mazingira yangu yakabaki na `rs` peke yake, na ndicho alichorithi mtoto niliyemwita, yaani ile `ls`. Ganda langu la nje (programu inayopokea amri kwenye terminali) lilikuwa na nakala yake, ndiyo maana `echo` haikuona kitu.

Kwa hiyo usiguse kilichotoka `getenv`. Soma tu, na unachotaka kubadilisha kifanye kwenye nafasi yako mwenyewe.

Lakini hata ukinakili kwanza, `strtok` si chombo cha kazi hii. Thamani za LS_COLORS zina lugha yake ndogo. Mkwaju wa nyuma (`\`) hulinda herufi inayoufuata, kwa hiyo `\:` ni nukta mbili ya kawaida na si mwisho wa kipande. `\e` ni herufi ya 27 inayoamsha terminali, `\033` ni hiyo hiyo kwa hesabu ya nane, `\x1b` kwa ya kumi na sita, `\_` ni nafasi tupu, na kofia kama `^[` ni herufi za udhibiti. Wengi hawaandiki hivyo, ni kweli. Ila atakayeandika ndiye atakayekuletea lawama. Njia iliyonikalia vizuri ni kutembea herufi kwa herufi:

```c
/* Soma hadi ':' au mwisho; upande wa jina, hata '=' ni mwisho.
   Rudisha idadi ya baiti, au -1 ukikwama. */
static long soma(const char **p, char *w, size_t nafasi, int jina)
{
    const char *s = *p;
    size_t n = 0;

    while (*s && *s != ':' && !(jina && *s == '=')) {
        unsigned char c = (unsigned char)*s++;
        if (c == '\\') {
            if (*s == '\0')
                return -1;
            if (*s >= '0' && *s <= '7') {
                unsigned v = 0;
                for (int i = 0; i < 3 && *s >= '0' && *s <= '7'; i++)
                    v = v * 8 + (unsigned)(*s++ - '0');
                c = (unsigned char)v;
            } else if (*s == 'e') {
                c = 27;
                s++;
            } else {
                c = (unsigned char)*s++;
            }
        }
        if (n == nafasi)
            return -1;
        w[n++] = (char)c;
    }
    *p = s;
    return (long)n;
}
```

Nimeacha `\x`, `\_` na kofia ili isiwe ndefu; ukishaona `\e` ilivyoingia, hizo zinafuata mlango huo huo. Angalia inarudisha urefu, haitegemei sifuri ya mwisho, maana thamani inaweza kubeba hata baiti ya sifuri ndani yake. Weka pointa (anwani ya mahali maandishi yalipo) na urefu pamoja, uandike kwa `fwrite`. Na usihangaike kukadiria nafasi kila kipande: alama hizi zikifunguliwa hufupika, hazirefuki kamwe, kwa hiyo `malloc` moja (ombi moja la kumbukumbu) yenye ukubwa wa mstari mzima inatosha vyote.

Jambo jingine nililolipata kwa aibu: usigeuze thamani kuwa namba. Mimi nilitumia `atoi`, `01;34` ikawa 1, folda zote zikawa nyeupe za kukoza na bluu ikaenda na maji. Mwingine ana `38;5;208`, rangi ya 208 katika zile 256. Hata `ls` yenyewe haijui maana ya namba hizo; inatanguliza herufi ya 27 na mabano mraba, inafunga kwa `m`, na mpakaji ni terminali. Beba kama ulivyopewa. Kuna moja tu ya pekee: `ln=target`, maana yake kiungo kipakwe rangi ya kile kinachoelekea.

Mikia ina kanuni yake pia. Ukiwa na `*.gz` na `*.tar.gz`, usidhani mrefu unashinda. Kwenye `ls` ya GNU kinachoshinda ni kilichoandikwa mwisho. Nilivihifadhi kwenye orodha ya kuunganishwa, kila kipya nakiweka mbele, kisha natafuta kuanzia mbele. Kanuni inatimia yenyewe. Kulinganisha ni kuangalia mwisho wa jina kwa `memcmp`, baada ya kuhakikisha jina si fupi kuliko mkia. Nilisahau uhakikisho huo, nikawa nasoma kumbukumbu iliyo kabla ya jina. Mia na ushee za mikia kwa kila faili si mzigo. Usianze kujenga vitu vikubwa kwa sababu hiyo.

Na hapa pana kitu ambacho sikubaliani na `ls`. Ikikutana na jina la herufi mbili isilolijua, hulalamika na kuzima rangi zote. Ukichukua mstari wa LS_COLORS wa kompyuta mpya ukauweka kwenye ya zamani, jina moja geni linakunyima rangi zote. Mimi nalipita kimya, nasoma linalofuata. Ila kipande kikiwa kimevunjika kweli, kama mkwaju wa nyuma umeishia hewani, nasema mara moja kwenye `stderr`, njia ya ujumbe wa makosa, na kuorodhesha bila rangi. Mteja ameleta flashi kuona faili zake. Kiprogramu kinachokataa kuonesha kasida kwa sababu bluu imeandikwa vibaya, huyo ni fundi cherehani anayekunyima nguo kwa kukosa kifungo.

Tukio la karatasi nilimalize haraka, linaniuma. Kijana mmoja alitaka orodha ya faili zake iprintiwe, kurasa 4. Nikaelekeza matokeo kwenye faili, nikaprinti, na kila jina likatoka na `[01;34m` mbele na `[0m` nyuma. Kurasa zote kwenye kapu. Kabla ya kupaka rangi yoyote, uliza `isatty(STDOUT_FILENO)`, yaani kama matokeo yanaenda kwenye terminali. Jibu likiwa hapana, usipake. Pia ukikuta kigeu cha NO_COLOR, cha mtu asiyetaka rangi, kimewekwa na si tupu, heshimu. Na kama mtu anaweza kubonyeza Ctrl-C katikati ya jina, rudisha rangi ya kawaida kabla ya kutoka, la sivyo unamwachia skrini nyekundu. `ls` hufanya hivyo.

Walio na Mac, msishangae: kule kuna LSCOLORS, bila mstari wa chini, nayo ni herufi zilizopangwa mbili mbili, ya kwanza rangi ya maandishi na ya pili tandiko, `x` ikiwa ni kuacha kama ilivyo. Kuisoma ni dakika kumi, ila usijaribu kusoma zote mbili kwa fankisheni moja.

Kabla hujaiamini kazi yako, ikompaili kwa `-fsanitize=address,undefined`, inayofichua makosa ya kumbukumbu, uilishe uchafu: `di` bila sawasawa, `di=` bila thamani, `:::`, `*=`, mkwaju wa nyuma mmoja peke yake, na mstari unaoishia na nukta mbili, ambao si uchafu, maana `dircolors` yenyewe huumalizia hivyo. Yangu ilianguka kwenye ule mkwaju: niliruka juu ya sifuri ya mwisho nikaendelea kusoma. Ndiyo sababu ya ule mstari wa `return -1` hapo juu.

Mama alirudi wiki iliyofuata na flashi ile ile, kasida zimeongezeka. Safari hii nikaipachika inavyotakiwa, nikaita kiprogramu changu. Folda zikatoka bluu, kasida samawati.

"Ahaa," akasema, "umevitoa."

Nikamwambia havikuwepo, akanitazama kama anayemsikiliza fundi anayeficha dawa yake, akaniongezea mia tano juu ya bei.