Mnauliza mishumaa ya nini Marekani, nawajibu

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza. Juzi nimetuma picha ya buti ya gari langu kwenye grupu la familia, mdogo wangu wa Kirumba akauliza "kaka si ulisema umeme huko haukatiki, sasa mishumaa na viberiti vya nini?", na mama mdogo naye akauliza beleshi la nini wakati silimi. Nawajibu wote kwa pamoja maana mtoto wetu anakuja kusoma huku Januari na nataka aelewe kabla hajapanda ndege.

Mimi nakaa Duluth, Minnesota, kando ya ziwa Superior, ambalo kwa maziwa yasiyo na chumvi ndo pekee linaloizidi Victoria kwa eneo. Mwanza usiku ikifika nyuzi 17 watu wanatafuta sweta. Huku Januari inaweza kushuka mpaka -30 afu upepo unakuja juu yake, ukiacha masikio au vidole wazi vinaweza kuganda ndani ya nusu saa, siku zingine dakika 10 tu, nyama inakufa kabisa na watu wanakatwa vidole.

Umeme kweli haukatiki hovyo, ila ukikatika siku ya dhoruba hita nayo inazima, hata ile ya gesi maana feni yake inategemea umeme, na nyumba inaanza kupoa hapohapo. Februari 2021 Texas mamilioni ya watu walikaa gizani kwenye baridi na jimbo lenyewe likahesabu vifo 246. Desemba 2022 Buffalo, New York, dhoruba ilipiga siku za Krismasi, zimamoto na magari ya wagonjwa yenyewe yakakwama, kuna watu walikutwa wamekufa ndani ya magari yao.

Kwahiyo mama mdogo, beleshi ni la kufukua gari. Ule mfuko ni mchanga, unamwaga chini ya tairi ili lishike. Kuna blanketi mbili za sufu, tochi, waya za kubusti betri, karanga na biskuti, pawabenki, na kitambaa chekundu cha kufunga juu ya gari watu wakuone. Mshumaa ukiuwasha ndani ya kopo la bati unapunguza ubaridi kidogo. Tenki halishuki chini ya nusu. Wavuvi wetu wa Igombe wanajua, ziwa likichafuka unabaki na kile ulichopakia tu, na huku ni hivyohivyo. Ukikwama usitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu kama huoni nyumba karibu, theluji ikipeperuka unapotea hatua chache toka kwenye gari. Baki ndani, washa injini kama dakika 10 kila saa, ila kwanza fukua ekzosi na uache dirisha wazi kidogo, la sivyo moshi unarudi ndani unakuua.

Na hapa nawaomba hata nyie mlioko nyumbani mnisikilize. Kule Texas watu waliingiza majiko ya mkaa ndani wapate joto, wengine wakawasha jenereta gereji, wakafa na familia zao. Ile gesi, kaboni monoksaidi, haina harufu wala huioni, unasinzia tu. Mkaa unaowaka Igoma unatoa gesi ileile. Bibi akisikia baridi wakati wa mvua mwongezeeni blanketi, jiko libaki nje, tafadhali sana.

Nyumbani naweka maji ya siku 3, kama lita 4 kwa mtu kwa siku, na dawa, na baridi ikizidi naacha bomba lidondoke kidogo maana maji yakiganda ndani bomba linapasuka. Vitu hivi vyote ni hela, ongeza matairi ya theluji na bili ya gesi, ndo maana kuanzia Novemba mnaona natuma kidogo. Sijawasahau, hiyo hela siwezi kuigusa.

Mtoto asihangaike na majaketi ya soko la Mlango Mmoja, koti na viatu nitampokea navyo uwanja wa ndege. Atafute soksi za sufu na kofia ya kuziba masikio, za pamba hapana, zikilowa zinamuongezea baridi, na aziweke kwenye begi la mkononi, maana begi kubwa linaweza kuchelewa na mlango wa uwanja ukifunguka baridi haimsubiri.