Ni Eurostile, si Microgramma

Mkuu, umesema fonti (mtindo wa herufi) ya kwenye bango la roketi ni Microgramma, ila hiyo ni Eurostile. Microgramma ya 1952 ilitoka na herufi kubwa tupu, na hapo kwenye bango neno la pili lina "a" na "g" ndogo. Eurostile ndiyo iliyoziongeza. Aliichora Aldo Novarese mwaka 1962 kwa Nebiolo, kiwanda cha herufi za chapa cha Torino, Italia. Angalia "O" yake: si duara, ni mraba wenye pembe za mviringo, kama kioo cha TV ya chogo. Mimi nachapa mabango, naitumia sana kwenye nembo na vichwa vikubwa. Ila usiipangie aya nzima. Ikiwa ndogo, "a", "e" na "o" zinaanza kufanana.