Mama ana sukari na amepata korona: nini humfanya mgonjwa azidiwe?

Dada wa Mbale, umeuliza: mama ana miaka 61, ana sukari mwaka wa tisa huu, amepimwa kakutwa na korona, je, ndiyo basi tena? Siyo. Wengi wenye sukari huugua na kupona nyumbani. Lakini wapo wanaozidiwa, na nimeona pande zote mbili ndani ya nyumba moja hapa Busia.

Juni 2021 tuliugua korona wiki ileile, mimi na kaka yangu, wote tuna sukari. Mimi nilikohoa na kupoteza harufu ya chai. Yeye alilazwa siku 17, nyingi akiwa kwenye oksijeni.

Daktari alituambia tuangalie kilichoandamana na sukari. Kwanza umri: kaka alikuwa na 64, mimi 47. Halafu presha, na tumbo kubwa. Miguu yake ilikuwa ikivimba jioni, soksi inaacha alama kama kamba, nasi tukisema ni kusimama dukani kutwa. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimeshachoka.

Kisha kuna HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi. Yangu ilikuwa asilimia 7.1, yake imepita 11. Tulishangaa, maana kadi yake ya kliniki ilikuwa safi! Kumbe siku mbili kabla ya kliniki alikuwa anaacha posho na soda, asubuhi anapimwa hajala, namba inatoka nzuri, jioni anarudi kwenye soda yake. HbA1c huwezi kuichezea hivyo. Uingereza mwaka 2020 walifuatilia wagonjwa wa sukari nchi nzima, wakaona waliokuwa na HbA1c ya 10 kwenda juu walikufa kwa korona zaidi ya waliokuwa kati ya 6.5 na 7. Waliowahi kupata kiharusi, wenye moyo kushindwa kazi na wenye figo mbovu nao walikuwa hatarini zaidi. Wanene sana pia, na hata waliokonda mno, kwa hiyo mama akiwa mwembamba usijipe moyo haraka.

Zuio la kutembea nalo lilituumiza. Magari ya abiria yalisimama, dawa zikakaribia kuisha, kaka akawa anakata kidonge nusu kimyakimya.

Halafu kuna kosa ambalo bado linaniuma. Siku ya pili ya homa jirani alituletea deksamethasoni kutoka duka la dawa, eti inazuia mapafu yasiharibike. Dawa hiyo huwasaidia waliofikia kuhitaji oksijeni. Asiyehitaji oksijeni haimfai, na mwenye sukari inampandisha sukari. Sukari ya kaka ilifika 24 (mmol/L). Mkiambiwa na daktari aitumie, sukari ipimwe mara nyingi zaidi na dawa zake zirekebishwe.

Kwa sasa mpime mama sukari kila baada ya saa nne hadi sita, anywe maji. Kama anatumia insulini asiiache hata kama hali chakula, ila mpigie daktari mpange kiasi. Akiharisha au kutapika, uliza pia kuhusu metifomini, kile kidonge cha sukari, kama anakitumia. Tafuteni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Ikisoma chini ya 94 nendeni hospitali, hata akisema yuko sawa. Kaka alikuwa na 86 huku akibishana kwenye simu bei ya mahindi! Akitapika bila kukoma, akihema kwa nguvu, au pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, msingoje hata saa moja.

Niandikie hapa sukari yake ya leo asubuhi, HbA1c ya mwisho kama ipo, kama alichanjwa, na umwangalie miguu jioni hii.