Usisaini hiyo semina ya hotelini kabla hujahesabu

Mkuu, usisaini. Kama malipo ya awali ya ukumbi hayajaenda, yashikilie.

Nimesoma uzi wako wote. Kampuni ya kusambaza vinywaji Igoma, madereva na wauzaji 60, malalamiko ya wateja yamezidi, bosi ametoa milioni 18, mwezeshaji anatoka Dar na mada yake ya huduma bora kwa mteja, siku tatu hotelini Capri Point. Unauliza ratiba ikaeje, mada gani ziongezwe, vyeti viwe na muhuri wa nani, halafu mwishoni kabisa: "na tutapimaje kama yamesaidia?" Hilo la mwisho ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza. Hivyo ulivyolipanga ndivyo nilivyolipanga mimi, na kuna watu walipoteza kazi.

Nilikuwa afisa mafunzo kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa hapa Mwanza. Kwa asiyeijua kazi ile: samaki anakuja na barafu kutoka mialoni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, anapokewa, anakatwa minofu, inapangwa, inapozwa, inasafirishwa. Kila hatua joto la samaki linapimwa na kuandikwa kwenye fomu, kwa sababu kanuni za Ulaya zinataka samaki mbichi akae kwenye joto linalokaribia lile la barafu inayoyeyuka. Siyo urasimu. Wenye umri wao wanakumbuka Ulaya ilivyofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na tena 1999 kwa taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilipunguza watu. Kwa hiyo fomu ya joto ndiyo inayolinda ugali wa watu wengi.

Fomu zetu zilikuwa na mapengo. Zamu ya usiku ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, unakuta safu nzima tupu. Uongozi ukaamua kwamba wafanyakazi hawajui umuhimu wa usalama wa chakula, wafundishwe. Akaletwa mwezeshaji mwenye jina. Nilimwomba aje siku moja kabla, avae buti na kofia ya nyavu, asimame mezani na watu aone kazi inavyokwenda. Akaniambia ameshafundisha viwanda vya chakula vya kila aina, kifurushi chake kinajitosheleza. Nami nikakubali, nikasaini malipo. Alifundisha bila kumwona hata samaki mmoja.

Mwisho wa semina akagawa fomu ya tathmini: ukumbi, chakula, mwezeshaji, mada. Karibu wote wakaweka tiki kwenye "nzuri sana". Mkuu, mtu anayesimama kwenye maji ya baridi zamu nzima, leo umemkalisha kwenye kiti cha kitambaa, amekula kuku, na posho iko kwenye bahasha. Unategemea aandike nini?

Wiki zilizofuata fomu zikajaa. Mapengo yakaisha kabisa. Nikachora grafu, nikaipeleka kwa uongozi, nikapongezwa. Mwezeshaji akaomba barua ya kumtambua, akapewa, na nina hakika hadi leo anaitembeza kwenye maofisi ya watu kama wewe.

Halafu akaja mkaguzi wa mnunuzi. Vyeti hakuviulizia. Aliomba fomu za zamu ya usiku akazipanga mezani moja pembeni ya nyingine. Kalamu moja, mwandiko mmoja. 2, 2, 3, 2, 2, mpaka saa ya mapumziko ambayo hakuna hata mtu mezani. Akaingia ndani, akachukua samaki kwenye kreti, akachomeka kipimajoto chake pale penye nyama nene karibu na uti wa mgongo. Kikasoma 9. Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa anakata minofu, akamwomba amwonyeshe kipimajoto wanachotumia wao. Yule mama hakumjibu yeye, alinigeukia mimi: "Mwanangu, hayo ya joto tunayajua siku nyingi. Kipimajoto kiko kwenye droo ya msimamizi, na usiku droo inafungwa."

Kipimajoto kizima kilikuwa hicho kimoja tu. Na watu wa mezani walikuwa wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo kila dakika ya kwenda kukitafuta ni hela inayotoka mfukoni mwao. Semina iliwaambia fomu lazima ijae. Wakaijaza. Nami nilikuwa nahesabu fomu zilizojaa huku samaki anapata joto, nikaita hayo mafanikio ya mafunzo.

Mnunuzi akasitisha. Zamu ya usiku ikafutwa, vibarua wakaambiwa wasirudi, na yule mama akiwemo. Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anajua kazi kuliko mwezeshaji na kuliko mimi. Ndiyo maana sikuanza na salamu.

Wawezeshaji wa namna hii nina hasira nao na sitaificha. Wanauza semina ile ile kwa benki, kwa hospitali, kwa kiwanda cha samaki. Wanabadilisha nembo tu kwenye slaidi ya kwanza. Wazuri wapo, na unawajua kwa jambo moja: kabla ya kutaja bei wanaomba kuiona kazi. Wa kwako ameomba kuona nini? Kwenye uzi wako umeandika kwamba ametuma ankara na orodha ya mahitaji ya ukumbi. Basi.

Na atakutajia Kirkpatrick, maana wote wanamtaja. Donald Kirkpatrick ni Mmarekani aliyeeleza mwaka 1959 ngazi nne za kupima mafunzo: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadilika nini kazini, na taasisi imepata matokeo gani. Wa kwako atakupimia ya kwanza kwa fomu ya tiki, akijitahidi sana ya pili kwa mtihani mdogo siku ya mwisho, kisha anapanda ndege. Ya tatu na ya nne ziko Igoma ghalani kwenu na kwenye maduka ya wateja, na yeye hatakuwepo. Mwaka 1997 Alliger na wenzake walichambua tafiti nyingi kwa pamoja wakakuta kwamba kufurahia mafunzo na kuyatumia kazini vina uhusiano hafifu mno. Tiki za "nzuri sana" zinakuonyesha chakula kilikuwa kizuri, na huenda kweli kilikuwa kizuri.

Kanuni yangu ni hii, na sina nyingine: hakuna namba ya kabla, hakuna semina. Namba hiyo itoke kwenye kazi yenyewe, na isiwe karatasi inayojazwa na yule yule unayemfundisha. Anza na ngazi ya nne, urudi nyuma hadi ya kwanza.

Tuje kwako. "Malalamiko yamezidi." Malalamiko gani? Yanatoka duka gani, njia ipi, siku ipi? Mzigo unachelewa? Kreti zinafika pungufu? Chupa tupu zinapokelewa lakini hazikatwi kwenye deni la mteja? Au muuzaji ana mdomo mchafu? Haya ni matatizo manne tofauti, na huduma bora kwa mteja inagusa moja tu. Robert Mager na Peter Pipe walikuwa na swali zuri tangu 1970: huyu mtu, uhai wake ukitegemea kazi hii, angeweza kuifanya? Kama angeweza, hujui bado kinachomzuia, lakini unajua siyo ujinga, na darasa halitakusaidia. Dereva wako anayefika Kisesa saa 7 mchana na mteja amenuna, jiulize gari lilitoka ghalani saa ngapi. Kama karani wa ankara ni mmoja na magari yote yanamsubiri asubuhi, kumfundisha dereva kutabasamu ni kumfundisha mvuvi kupiga kasia wakati mtumbwi ndio unaovuja.

Fanya hivi. Chukua daftari la malalamiko, kama halipo lianzishe leo, na lishikwe na mtu ambaye siyo muuzaji. Panda gari mwenyewe, njia ya Kisesa hadi Magu, kisha njia ya Usagara. Andika saa gari linapotoka, saa linapofika kila duka, kreti zilizoagizwa na zilizoshushwa. Kaa dukani kidogo gari likishaondoka, hapo ndipo mteja atakwambia ukweli. Ukimaliza utakuwa na namba, na nakuhakikishia sehemu kubwa ya orodha yako itatatuliwa na bosi kuongeza karani au kupanga upya upakiaji, bila ukumbi.

Kitakachobaki ndicho cha kufundisha, na hapo ndipo utahitaji mafunzo kweli. Usiwafundishe wote mara moja. Fundisha njia za wilaya ya Nyamagana kwanza, za Ilemela zisubiri, uhesabu pande zote mbili kwa vipimo vile vile. Bila hivyo utadanganyika na msimu. Hela ya pamba ikiingia, au Krismasi ikikaribia, mauzo yanapanda yenyewe na wateja wanakuwa na furaha, kisha mtu anasimama mbele ya bosi na kudai ni semina. Pande zote mbili zikipanda sawa, semina haijafanya kitu. Rudia kuhesabu baada ya miezi michache pia, maana wiki ya kwanza kila mtu anajitahidi.

Na ufundishie ghalani. Pale kiwandani kilichokuja kusaidia kilikuwa kidogo sana: vipimajoto vikafungwa kwa kamba kila meza, mtu mmoja kwa kila safu ya meza akalipwa mshahara wa kudumu kwa kupima, asiwe wa kilo. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi, yalifanyika pale pale mezani. Unajaza kikombe barafu iliyopondwa na maji kidogo, unachomeka kipimajoto, lazima kisome 0, kisiposoma 0 unakirudisha. Aliyekuwa anafundisha ni mfanyakazi mwenzao. Msimamizi alikuwa anapita bila taarifa, anapima samaki mwenyewe, analinganisha na fomu. Hiyo ndiyo ilikuwa tathmini, na hakuna aliyeulizwa kama chakula kilikuwa kizuri.

Najua bosi anataka picha ya pamoja yenye bango na ziwa nyuma. Mwonyeshe namba za njia moja tu, uone kama bado ataitaka kwa milioni 18.

Wiki ijayo rudi kwenye uzi huu na namba za njia ya Kisesa, hata kama ni hiyo peke yake, tuzisome pamoja. Na mwezeshaji akipiga simu kudai malipo ya awali, mwambie aje kwanza apande gari la saa 12 asubuhi.